Daftari la Musyu na Mlango wa Saba

Vijana wenzangu wa matembezi,

Siku yangu ya mwisho kazini mliniona nimesimama pale Pangani mbele ya mlango uliofungwa, nikisema peke yangu. Mmoja wenu akamnong'oneza mwenzake kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa, heri anastaafu. Nilisikia vizuri tu. Iliyochoka ni miguu, masikio bado. Sikukasirika, ila nimeona niwaeleze nilikuwa nasema na nani, kwa sababu njia ile sasa ni yenu, na kwa sababu hapa nyumbani sina wa kumsimulia. Vyeo sitavitaja. Nilianza mwongoza wageni, nikamaliza mwongoza wageni.

Niliajiriwa miaka ile ya foleni, sabuni ikiwa habari na sukari ikiwa hadithi. Ofisi yetu Tanga mjini ilikuwa chumba kimoja chenye viti viwili na ramani iliyoliwa na mchwa upande wa Kenya. Nikatumwa Pangani kujifunza kazi kwa Mzee Semboja, Mbondei wa Muheza, mrefu na mkavu, aliyetembea na mwavuli mvua iwepo isiwepo. Nilimwamkia shikamoo. Akaitika marahaba huku akinitazama miguuni. Nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi vya kuazima.

“Hivyo vinalia,” akasema. “Unaingia mtaani kwa watu, baba. Kuna waliolala, kuna wagonjwa. Kesho njoo na makatambuga.”

Basi miaka yangu ya mwanzo nilitembea juu ya vipande vya tairi la lori, na sijapata viatu bora tangu hapo. Mengine aliyonifundisha ni haya. Wageni wasimame kivulini, wewe simama juani, maana mtu akiungua hasikilizi. Hodi ni mara tatu, usipoitikiwa, ondoka. Mwavuli ni wa kuonyesha ulipo, usimnyooshee mtu. Na ukiwakuta watu wana shughuli zao barazani, toa salamu, geuza wageni, mrudi siku nyingine. Hili la mwisho lishikeni.

Njia yenyewe mnaijua. Inaanza forodhani, inapita Boma, inakata Mtaa wa Wahindi, inamalizia ndani mitaani, milango saba kwa jumla. Yote inamhusu mtu mmoja, Mfaransa ambaye watu wa Pangani walimwita Musyu kwa kuwa hivyo ndivyo alivyojitaja alipoteremka. Alikuwa mtoto wa mfua vyuma huko kwao, akaletwa hapa kufunga mitambo ya kinu cha miwa. Miwa ya wakati ule ilikatwa na watumwa, na kinu kililishwa na watumwa. Musyu alikifunga kinu, akakaa akiona kinavyofanya kazi, kisha akaacha. Kila alichokuwa nacho akakitumia kukomboa watoto, akawafungulia shule. Aliwafundisha kusoma Kiswahili chao wenyewe kwa herufi alizozijua yeye, za Kifaransa, na majina yao akayaandika katika daftari kubwa lenye jalada la ngozi. Juma akawa Djouma. Ulimwengu akawa Oulimwengou. Wageni hucheka hapo, waacheni wacheke.

Kila tulipofika penye habari za kinu, Mzee Semboja alikuwa na mzaha wake mmoja ambao hakuubadilisha hata siku moja. “Mji huu ulikuwa na sukari mpaka watu wakaifia,” alikuwa akiwaambia wanafunzi. “Leo hebu kamwombeni mwenye duka kijiko kimoja.” Walimu walicheka huku wakiangalia nyuma kama kuna mtu wa chama.

Msichoambiwa ofisini ni namna ya kulisoma lile daftari. Mtumwa alipewa jina na aliyemshika. Kwa hiyo mle ndani mna Zafarani, mna Mabruki, mna Faida, mna Sikujua, majina ambayo mtu wa pwani wa zama zile akiyasikia anaelewa mwenyewe, wala hasemi. Na kule kutosema ndiko kulikoujenga mji. Watu wa Pangani wameoana, wamezikana, wamelishana pilau, kwa sababu hakuna anayemuuliza mwenzake bibi yake aliingia mjini kwa mlango upi. Mzee Semboja aliniambia, “Majina ya mle ni kama nguo za ndani. Kila nyumba inazo, hakuna anayezianika barabarani. Soma ndani, soma polepole, na usiseme nani ni wa nani.” Nilimjibu kwamba nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kuliko alivyodhani, kama mtakavyoona.

Daftari lilikuwa mlango wa saba, katika nyumba iliyokuwa shule. Humo aliishi Bi Zaina, mjane mfupi mwenye sauti nzito kuliko umbo lake. Mama yake mzazi, Zafarani, alisoma humo utotoni, na Musyu alipokufa akabaki humo humo mpaka akaolewa na kuzaa. Mjini ilisemwa kwamba ile nyumba ni ya urithi, basi, maneno yakaishia hapo. Bi Zaina hakuwa na lazima ya kutufungulia. Ofisi haikumpa hata barua. Alitufungulia kwa kuwa Mzee Semboja alibisha hodi mara tatu miaka yote.

Siku yangu ya kwanza mlangoni kwake tulikuwa na darasa zima kutoka shule ya Mwera, kwetu nilikozaliwa. Bi Zaina akalitoa daftari sandukuni, nikapewa kufunua. Nikafika ukurasa wa kumi na moja, na msichana mmoja aliyekuwa ubavuni kwangu akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi: “Si-kou-djou-a.”

“Jina gani hilo?” mwalimu wao akaniuliza.

“Sikujua,” nikasema.

“Kama hukujua, waulize waliokutangulia kazini.”

Darasa likavunjika mbavu. Mwalimu akacheka. Na mimi nikacheka, nikacheka kuliko wote, mpaka machozi. Bi Zaina hakucheka. Alikuwa anamimina kahawa, akaniangalia kwa muda kidogo, kisha akaendelea kumimina. Nilidhani ananionya kwa kucheka mbele ya wakubwa.

Sasa niwaambie nilichokuwa nakicheka. Sikujua alikuwa bibi yangu, mama yake baba. Kule Mwera walimwita Mwanasiti, jina alilojichagulia mwenyewe ukubwani, na kwetu tulijiita waungwana wa Mtang'ata kama walivyojiita majirani zetu. Lakini baba yangu alipokuwa anakaribia kufa aliniita, akanitajia jina la kwanza la mama yake, akasema, “Hili nakupa ulijue. Sikupi ulitumie.” Alinyoosha kidole mpaka nikaitika. Tangu siku ile ya wanafunzi, nilipokaribia ukurasa wa kumi na moja nililowesha kidole na kufunua karatasi mbili kwa pamoja. Nikawa stadi. Sidhani kama kuna mgeni aliyewahi kugundua.

Mke wangu alirudi kwao Korogwe mwaka ambao sabuni ilipotea kabisa. Alisema anakwenda kumwona mama yake, akachukua na mito. Sikumlaumu. Chumba changu kilikuwa karibu na kivuko cha pantoni, na kazi yangu ilikuwa kusema na watu kutwa nzima, lakini wote ni watu wanaoondoka. Nikirudi nilikuwa sina hata wa kumwambia kwamba mvua imenyesha. Ndiyo maana nyumba ya Bi Zaina ilikuwa kwangu zaidi ya mlango wa saba. Wageni wakishatawanyika aliniambia nikae barazani, akaniuliza swali lile lile moja.

“Umekula, Athumani?”

“Nimekula, Bi Zaina.”

“Mbona tumbo lako linasema mengine?”

Akaleta muhogo wa nazi, au ugali wa unga wa msaada, ule wa njano ambao kila mtu aliutukana na kila mtu aliula. Kashata zilikuwa zimepotea pamoja na sukari, kahawa tukainywa na tende zikiwepo. Alikuwa na kikombe changu maalumu, chenye ufa mdogo ukingoni, ambacho hakumpa mtu mwingine. Nilijiona nimependwa kwa uzuri wa tabia yangu. Mtu mpweke haulizi kwa nini analishwa.

Mzee Semboja akastaafu. Siku ya kuagana alinipa mwavuli wake na funguo za kazini, tukashikana mikono pale forodhani. Kisha akasema, kama anayeuliza hali ya barabara, “Na wewe, baba, utafunua mbili mbili mpaka lini?” Akacheka kidogo puani, akapanda gari la Muheza. Hakuishi sana baada ya hapo, Mungu amrehemu.

Kisha ikaja ruksa ya biashara. Madukani sukari ikarudi, sabuni zikarudi za kila rangi, na mitumba ikamwagwa mpaka tukashindwa kujua nani tajiri. Wageni nao wakaja, wazungu kwa vikundi, na pamoja nao kampuni za watu binafsi na vijana wenye Kiingereza cha kuteleza. Ofisini ikaletwa barua kwamba watumishi watapunguzwa. Tulikuwa waongoza wageni watatu, na anatakiwa mmoja. Nilikuwa nimekwisha pita umri wa kujifunza kazi nyingine, na ningepunguzwa ningebaki na kile chumba cha kivukoni na sauti ya pantoni. Nilikuwa naogopa, kwa kweli. Yaliyofuata msidhani yaliletwa na kingine.

Akaja mgeni mmoja aliyekuwa anaandika kitabu cha kuongozea watalii. Mkubwa wa ofisi aliniambia kwa simu, “Huyo akifurahi, na wewe umefurahi.” Nikamtembeza milango sita asubuhi yote, naye anaandika kidogo tu, anapiga miayo. Tulipokaribia mlango wa saba akaniuliza kwa Kiingereza, “Haya yote ni mawe na karatasi. Hakuna mtu aliye hai wa hao watoto?”

Barazani kwa Bi Zaina niliwakuta wazee watatu wenye kanzu safi na bakora, ambao sikuwahi kuwaona. Walikuwa wametoka Tanga, watu wa ukoo wa wafanyabiashara. Mjukuu wa Bi Zaina, Rukia, aliyelelewa humo ndani na aliyekuwa akinisomea magazeti ya zamani kwa kujifurahisha, alikuwa ameposwa kwao. Posa ilishajibiwa, siku ile wamekuja kupanga siku ya ndoa. Bi Zaina alikuwa amevaa kanga mpya, amenyooka kama askari. Akanipa jicho, nikalielewa: leo hapana, mwanangu.

Shughuli iko barazani. Toa salamu, geuza wageni. Mzee Semboja angegeuza palepale.

Mimi nilitoa salamu, kisha nikainamia sikio la mgeni wangu na kumwambia kwa Kiingereza kwamba bibi huyu ni binti wa mmoja wao, kwamba mama yake yumo daftarini, na jina lake ni Zafarani. Nilijiambia kwamba Kiingereza si lugha ya barazani. Nilijiambia nimenong'ona. Uso wa yule mgeni ukawaka. Kabla sijamshika mkono akamsogelea Bi Zaina, akapiga goti moja, akamshika mikono yote miwili, na kwa Kiswahili chake cha kitabuni, kwa sauti safi kabisa na kwa huruma ya kweli, akasema:

“Mama yako alikuwa mtumwa. Pole sana.”

Ndani, nyuma ya pazia, nilisikia sinia likiwekwa chini. Yule mzee mkubwa katika wale watatu akainua kikombe chake, akainywa kahawa yote, kwa kuwa kuiacha ni tusi, akakirudisha juu ya sinia dogo.

“Tutawaletea habari,” akasema.

Wakavaa viatu, wakaondoka. Habari haikuletwa.

Bi Zaina hakunitukana, na nimejiambia mara nyingi, laiti angenitukana. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akasema, “Mgeni wako ameshaona, Athumani. Mpitishe.” Kesho yake asubuhi nilikwenda kuomba radhi. Nikabisha hodi mara tatu. Ikajibu ile sauti nzito kutoka ndani: “Bi Zaina hayupo.”

Nilikwenda tena na tena, na kila mara hayupo. Mwishowe nikaacha kubisha.

Yule mgeni aliandika barua nzuri ofisini, kwamba hajapata kuona matembezi yenye uhai kama yale. Wenzangu wawili wakapunguzwa, mimi nikabaki. Na kwa kuwa nimebaki, kila wiki, kwa miaka iliyosalia ya utumishi wangu, niliwasimamisha wageni mbele ya mlango ule na kusema, “Hii ndiyo nyumba yenyewe. Kwa sasa haifunguliwi.” Ninyi mmeyakuta maneno hayo kwenye karatasi ya ofisi mkadhani ni agizo la wakubwa. Ni yangu. Daftari nalo halikuonekana tena, na mnayowasimulia wageni kulihusu ni yale niliyoyakariri mimi, ukurasa mmoja ukikosekana.

Rukia alikwenda Moa kufundisha shule ya msingi. Nilikutana naye mara moja, stendi ya Tanga, amebeba madaftari ya wanafunzi kifuani. Nilitaka kujificha nyuma ya basi, akawa ameshaniona. “Shikamoo, mjomba,” akasema, kwa adabu ile ile aliyofunzwa nyumbani kwake. Nimeitikia shikamoo za watu wengi maishani. Ile nilishindwa kuiitikia. Aliningojea niitikie, akangojea, kisha akaniaga na kwenda zake.

Sasa ile siku ya mwisho. Nilikuwa na ninyi watatu na kikundi cha wageni wachache. Barazani mkabala, wanaume wa mtaa walikuwa wanacheza dhumna kama kawaida yao, wakigonga meza. Dirisha la Bi Zaina lilikuwa limefungwa kama kawaida yake. Nikawapeleka wageni kivulini. Nikasimama juani. Nikafunga mwavuli, nikabisha hodi mara tatu, na ingawa sikuitikiwa sikuondoka. Hapo nilivunja sheria ya Mzee Semboja kwa mara ya pili.

Nikasema kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: “Mimi ni Athumani wa Mwera. Bibi yangu mzaa baba aliletwa hapa akiwa mtoto, akiwa mtumwa. Alisoma katika nyumba hii. Yumo daftarini, ukurasa wa kumi na moja. Jina lake Sikujua.”

Dhumna zikanyamaza. Ninyi mlikuwa mnasema na wageni, mkasikia neno la mwisho tu, mkaelewa kwamba mzee anajitetea kwa jambo fulani, anasema hakujua. Mkaanza kutazamana, mkawageuza wageni kuelekea kivukoni. Mlifanya vizuri. Ila mngesubiri kidogo mngesikia kilichofuata, maana kilisemwa polepole, nyuma tu ya mbao za dirisha, na sauti ile bado nzito ingawa imezeeka.

“Mimi nilijua,” ikasema.

Nikasogea karibu na zile mbao.

“Tangu siku ile uliyocheka. Mama yangu alinisimulia wote, kwa nyuso zao na vicheko vyao. Walikaa benchi moja, yeye na bibi yako. Ulidhani kikombe nilikuwekea kwa sababu gani?”

Nikamwomba radhi. Nilimwomba kwa maneno yote niliyoyaweka akiba miaka ile yote, na mengi yalitoka vibaya. Nilimtaja Rukia. Nilimaliza, nikangoja. Nilikuwa nimeilaza mikono yangu miwili juu ya mlango, na wale wa dhumna wote wananitazama. Nilikuwa nimeiuza siri yake, naye alikuwa amekalia yangu, kimya, huku ananilisha.

“Wapitishe wageni wako, Athumani,” akasema mwishowe. “Jua kali.”

Mlango haukufunguliwa, na sitawaongopea kwamba ulifunguliwa. Nikafungua mwavuli, nikawafuata.

Sasa nakaa Mwera, katika nyumba ya baba, na majirani wawili wamekwisha acha kuja kwangu kahawa. Habari ya jina lile imefika. Sijuti. Ninyi endeleeni kupita. Futeni ile sentensi ya kwamba haifunguliwi. Vaeni viatu visivyolia, bisheni hodi mara tatu, na kabla hamjataja jina la bibi wa mtu yeyote, tajeni kwanza la bibi zenu. Labda siku moja mtafunguliwa, maana yeye hana ugomvi na ninyi. Na akiwauliza kama mmekula, jibuni hapana.